Simu ya Wazazi Waliochoka

Msusi alikuwa na kicheko kinachotangulia neno baya. Kabla hajasema la kuudhi alicheka kwanza, he-he, kama mtu anayepiga hodi huku ameshaingia. Kwa hiyo simu ilipolia alasiri ile, na kicheko kikaja kabla ya salamu, fundi cherehani hakuhitaji kuambiwa ni nani. Damu ilimchemka mpaka masikioni.

Chumba chao kilikuwa nyuma ya zahanati: meza mbili, simu mbili, feni moja inayolalamika. Simu ya wazazi waliochoka, ndivyo watu walivyoiita. Waliopokea hawakuwa wataalamu. Walikuwa wazazi wenyewe, waliopitia kikundi cha kila Jumamosi na kufunzwa wiki sita jinsi ya kusikiliza. Kanuni zilikuwa chache. Hakuna majina. Ukiitambua sauti ya mpigaji, unainua mkono na kumpa mwenzako simu. Kadi nyeupe ni ya mzazi aliyechoka. Kadi nyekundu ni ya mtoto aliye hatarini, na akipewa hiyo, msimamizi wao, nesi mstaafu mwenye miwani ya kamba, huwapigia simu ustawi wa jamii papo hapo, bila kuuliza mara mbili.

Fundi hakuinua mkono.

Miaka miwili nyuma, yeye na msusi walikaa kwenye duara moja la Jumamosi. Siku hiyo fundi aliamua kulitoa lililokuwa rohoni. Alisema binti yake alilia tangu alfajiri, mpaka yeye akahisi mikono yake si yake tena. Akamfungia chumbani, akakaa kwenye ngazi dakika kumi, moyo ulipotulia akarudi kumfungulia. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Wakamwambia bora mlango kuliko kofi. Yanayosemwa hapa yanabaki hapa, wakaapa wote, na msusi naye akaapa.

Lakini msusi hana kifua. Jumatatu tu habari ilikuwa saluni, na kwenye kiti cha kusukwa alikuwa amekaa nani? Wifi yake fundi. Tena habari yenyewe ilikuwa imeshanenepa: dakika kumi zimekuwa kutwa nzima, bila chakula wala maji. Kikao cha ukoo kikaitwa. Fundi alilia mbele yao mpaka sauti ikakauka, mumewe akainamisha kichwa, na mtoto akahamishiwa kwa mama mkwe. Tangu hapo fundi alimwona binti yake Jumapili mbili kwa mwezi, huku wifi amekaa pembeni akijifanya anakunja nguo.

Na sasa huyu hapa.

"Nimewafungia," msusi alisema, kicheko kikamkatikia kooni. "Mapacha wangu. Baba yao kasafiri, siku ya tatu leo hatulali humu ndani. Dada, nilikaribia kuwapiga vibaya, nakwambia kweli. Nimewatia chumbani, mie niko hapa kwenye korido."

"Tangu saa ngapi?"

"Sasa hivi. Hata dakika kumi hazijafika."

Mwosha huoshwa, fundi akajisemea. Akavuta kadi nyekundu. Penye muda akaandika: tangu asubuhi. Penye anwani akaandika: nyuma ya saluni, nyumba ya pili, geti la kijani. Akamnyooshea nesi bila kugeuka. Ilikuwa tamu, tusidanganyane. Tamu kuliko alivyowahi kuiwazia katika siku zote alizoinama juu ya cherehani akishona sare za watoto wa wenzake.

Kilichobaki ni kumshikilia kwenye simu mpaka watu wafike. Na hapo, shetani ana vituko vyake, fundi aliifanya kazi yake vizuri mno.

"Umefanya vyema kuweka mlango katikati," alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Kaa chini. Vua viatu. Una maji karibu? Kunywa taratibu, nakusubiri."

Msusi akanywa. Akalia, akapenga, akalia tena. Baada ya robo saa akafungua mlango.

"Wamepasua mto," akasema, na safari hii kicheko kilikuwa cha mtu aliyepona. "Pamba mpaka juu ya kabati. Wenyewe wamelala humo humo, majambazi hawa."

"Umeona sasa?"

"Nimeona. Dada, ngoja nikwambie kitu kinachonikaba. Kuna mama wa watu nilimharibia. Alisema dakika kumi, mie nikasema kutwa. Nilitaka tu watu wacheke pale saluni. Wakamchukua mtoto. Wakaja kuniuliza, nikashikilia uongo kwa aibu. Leo nimekaa kwenye korido nikamfikiria yeye. Kesho nakwenda kwa mama mkwe wake nimpigie magoti, niseme nilidanganya. Wanitukane tu. Unaonaje?"

Fundi aliitazama ile kadi nyekundu mezani kwa nesi. Mama mkwe alishatamka mbele ya ukoo: aliyeleta maneno akiyafuta kwa kinywa chake, mtoto atarudi. Miaka miwili fundi alikuwa akikitafuta kinywa hicho.

"Subiri, kuna hodi," msusi akasema.

Zikasikika sauti za watu, kiti kikiburutwa, mtoto akiamka.

"Wametoka ustawi. Wanasema mmewaita nyie." Kisha akauliza, "Lakini mbona sikukwambia nakaa wapi?"

Fundi akaibana simu sikioni.

"Fundi? Ni wewe?"

Simu ikachukuliwa. Afisa alikuwa mwanamke, sauti yake ya kazi, haina baridi wala joto. "Haloo. Watoto nimewakuta wazima. Mama anasema aliwafungia dakika chache. Mimi nimesomewa kadi inayosema tangu asubuhi. Lipi ndilo?"

Nyuma yake msusi alikuwa anapiga kelele: "Fundi, nakuomba, mwambie! Nakwenda kwa mama mkwe wako, leo hii nakwenda!"

Neno moja lingetosha. Nilikosea. Kabla ya mwisho wa wiki binti yake angelala kitanda chake, na fundi alilijua hilo vizuri. Lakini kile kilio! Alikuwa amekiota, sasa kilikuwa ndani ya sikio lake, na siku alipolia yeye hakuna hata mmoja aliyemwonea huruma.

"Tangu asubuhi," akasema. "Aliniambia mwenyewe."

Alisikiliza mpaka simu ikakatwa upande wa pili. Nesi akaja akamshika bega.

"Umeokoa watoto wawili leo, mama."

Fundi akasema ahsante. Binti yake alikuwa ametimiza miaka saba. Kurudi, angerudi akishakuwa mtu mzima, kwa miguu yake mwenyewe, na kama angependa.