Wimbo Aliouomba Sheshagiri

Wanaokuja kumwona Vanamala huvua viatu mlangoni, wakamshika miguu, wakalia kidogo, halafu wakanigeukia mimi. "Mama, una bahati wewe, kuishi nyumba moja na sauti hii!" Mimi huwaambia wakanyage taratibu, sakafu imepigwa deki sasa hivi. Bahati! Ningewaeleza bahati yenyewe wangetafuta viatu vyao waende zao.

Mimi ni wifi yake. Naitwa Nagaratna, dada mkubwa wa Sheshagiri mumewe. Nilifiwa na mume wangu ningali msichana, kaka yangu akanichukua, nikaishi nao hapa Shivamogga tangu siku walipooana. Ulimi wangu mkali, najua, sihitaji kuambiwa. Lakini la uongo sisemi.

Vanamala wa nyimbo za Mungu anajulikana na kila mtu. Kukipambazuka, hekalu gani halimpigi kwenye spika? Wachache ndio wanaokumbuka kwamba alianza na sinema. Enzi zile nyimbo za filamu zetu za Kikannada zilirekodiwa Madras. Mwigizaji anachezesha midomo mbele ya kamera, kumbe sauti ni ya msichana mwingine aliyesimama studio, kavaa sari ya pamba, na hakuna anayemjua. Msichana huyo alikuwa Vanamala. Watu walitoka sinema wakimsifu mwigizaji: "Uzuri ule, na sauti juu yake!" Kaka yangu peke yake ndiye aliyetoka akiuliza, "Nani huyo aliyeimba?"

Ulikuwa wimbo wa mvua. Binti kakaa dirishani, anamwambia mpenzi wake aje kabla mvua haijakatika, maana ikikatika majirani watatoka nje na watamwona. Basi, ni hayo tu. Lakini Sheshu, kaka yangu, aliirudia filamu ile mpaka mkata tiketi akamwuliza kama hana kwao. Alikuwa karani wa posta, na watu wa posta hawashindwi kutafuta anwani. Akagundua msichana yuko Sagara, baba yake ni mwalimu wa muziki, ni watu wa jamii yetu, na hajaposwa.

Tukaenda kumtazama, kama ilivyo desturi. Msichana akaleta kahawa, akainamisha macho, akaketi kwenye mkeka. Baba yetu akamwambia kwa upole, "Binti, hebu tuimbie chochote cha Mungu." Ndivyo inavyosemwa katika kila nyumba, na kila msichana ana wimbo wake wa ibada alioufanyia mazoezi kwa siku hiyo.

Kabla hajafungua mdomo, Sheshu akasema, "Samahani. Ule wa mvua."

Jamani! Baba akamfinya paja, niliona kwa macho yangu.  Mimi nilijiziba mdomo kwa pindo la sari nisicheke. Vanamala akamtazama baba yake, baba yake akatazama dari. Basi akaimba. Hakuimba kama kwenye filamu, akaimba chini chini, kama mtu anayemwimbia mtu mmoja chumbani. Alipomaliza hakuna aliyejua atazame wapi.

"Rudia," akasema Sheshu.

"Huyu mtoto karogwa," Baba alisema njia nzima kwenye basi. Lakini mwezi wa ndoa ulipofika tulimleta nyumbani.

Miaka ile ya kwanza, aibu iliyoje! Kaka yangu akirudi kazini huketi kwenye ngazi ya mlango, hata viatu hajavua, anaita, "Vanamala, mvua!" Hata jua likiwa la kupasua kichwa. Naye huku anachambua mchele anamwimbia. Mimi huwapigia kelele kutoka jikoni, "Imbeni, imbeni, wali unaungua!" Nilijifanya nimekasirika, lakini nikipunguza moto nisikie vizuri.

Halafu Sheshu akashikwa na homa ya matumbo. Ilikuwa mwaka ule ule Vanamala alipoitwa Madras kuimba nyimbo zote za filamu moja kubwa, ambayo ingempeleka juu kabisa. Daktari alitoka chumbani akitikisa kichwa. Vanamala hakuniaga. Alijimwagia maji kisimani na sari yake mwilini, akaenda na nywele zinachuruzika mpaka hekalu la Devi, mungu wetu wa kike, pale mwisho wa mtaa wetu, akasimama mbele ya Mama Devi akaweka nadhiri: "Niachie huyu. Sauti yangu yote iwe yako. Sitaimba tena ila jina lako."

Aliporudi, kaka yangu alikuwa ameloa jasho, homa imeshuka, anaomba wali na mtindi. Sasa nani angebisha?

Siku alipoweza kuketi, akaegemea ukuta akasema kwa sauti ya mgonjwa, "Vanamala, mvua." Mkewe akamweleza nadhiri yake. Sheshu akacheka, akidhani anataniwa. Kisha akaona uso wake.

"Hata nyumbani?"

"Hata nyumbani."

"Ungempa hizo za studio, hizi za kwangu ukaziacha."

"Nilisema sauti yote," Vanamala akamjibu. "Ulikuwa unakufa. Nilikuwa na nafasi ya kupatana bei?"

 Kaka yangu hakuomba tena. Barua ya Madras ilijibiwa kwa mistari miwili.

Yaliyofuata mnayajua. Kampuni ya kaseti ya Bangalore ikasikia kwamba kuna mwimbaji wa sinema aliyeiacha sinema kwa ajili ya Devi, na hadithi hiyo iliuza kuliko hata sauti. Wakambandika kwenye jalada kavaa hariri, bindi kubwa, lile doa jekundu, katikati ya paji la uso. Akawa anaimba miguu mitupu. Wanawake wakaanza kumletea watoto wagonjwa awaguse. Sheshu akaacha posta mapema, akawa anatembea nyuma yake na chupa ya maji moto ya tangawizi. Akiulizwa kazi yake hujibu, "Ile ile ya posta. Nafikisha mzigo." Watu wakicheka, na yeye akicheka, na wifi yangu akichekea pembeni kwa haya. Walipendana wale, asije mtu akaniambia vingine.

Lakini kwetu mvua hunyesha miezi mingi. Ikianza kupiga vigae, kaka yangu huenda kuketi kwenye ngazi peke yake, anapigapiga goti kwa vidole. Nilikuwa nayajua mapigo yale. Vanamala naye husimama dirishani, anamtazama kisogo, mkono mdomoni.

"Wifi," nilimwambia siku moja, maana nilishindwa kuvumilia, "hivi Devi hana nyimbo za kutosha? Ubeti mmoja tu, chini chini, atakusikia nani?"

"Yeye atasikia."

"Na akisikia?"

"Alinipa huyu kwa sharti. Unataka nimjaribu kwa roho ya kaka yako?"

Hakuwa akijitia utakatifu. Alikuwa anaogopa. Sheshu akipata hata mafua, siku hiyo Vanamala huimba hekaluni mpaka sauti imkauke. Watu walimwita mcha Mungu. Mimi niliyeosha naye vyombo najua ilikuwa hofu tupu, na hofu hiyo ilikula miaka yao yote mizuri.

Mwishowe ini la kaka yangu likaharibika, madaktari wakamrudisha nyumbani. Ilikuwa katikati ya masika yetu, maji yanatiririka mtaani. Alilala wiki nzima bila kusema la maana. Mchana mmoja, tumeketi naye wote wawili, akafumbua macho akasema, wazi kabisa, "Vanamala, mvua."

Wifi yangu akainuka akakimbilia jikoni. Nikamfuata.

"Mwimbie!"

"Nikiimba atakufa, wifi."

"Anakufa hata usipoimba! Macho huna? Unamlinda na nini sasa?"

"Usiseme hivyo." Alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Miaka yote hii nimeishika nadhiri. Nikiivunja leo akafa leo, nitajua ni mimi."

Nilijifunika shali nikaenda mpaka stendi ya mabasi, kuna duka lenye kaseti za filamu za zamani. Nikaipata. Nikaiweka kwenye redio kando ya kitanda, nikabonyeza. Sauti ya Vanamala ikatoka, ya msichana, na vinanda vyote nyuma yake. Kaka yangu alisikiliza kidogo, kisha akainua kidole.

"Zima, dada. Huyo anamwimbia yule mwigizaji. Mimi nataka yule wa kwenye mkeka."

Vanamala alikuwa mlangoni. Alisikia. Jioni ile aliniambia, "Kesho asubuhi nitakwenda kuomba ua. Devi mwenyewe akinifungua, nitamwimbia mpaka atakapochoka."

Kuomba ua kwetu si jambo la mzaha. Kuhani anabandika maua mabichi kwenye mabega ya Devi, sanamu yake ya jiwe ikiwa imelowa maji, wewe unasimama na swali lako. Likianguka la kulia, umekubaliwa. La kushoto, umekataliwa. Lisipoanguka, unangoja.

Asubuhi alioga, akamwekea mumewe kahawa kando ya kitanda, akamwinamia sikioni. "Nakwenda kuomba ruhusa. Nitarudi kahawa haijapoa." Sheshu akamgusa shavu. Akatoka mvuani bila viatu.

Kahawa ikapoa. Nikaipasha. Ikapoa tena. Kaka yangu alikuwa anapumua kwa kuvuta, kila pumzi inachelewa kuliko iliyopita. Nikawa nachungulia dirishani, namlaani Devi kimoyomoyo, Mungu anisamehe, au asinisamehe, shauri yake.

Mara spika ya hekalu ikakoroma. Sauti ya Vanamala ikajaza mtaa.

Sheshu akafumbua macho. "Dada. Kaseti hiyo?"

Nikatega sikio. Niliisikia mvua ikipiga paa la hekalu, nikamsikia akikohoa kidogo kabla ya ubeti. "Si kaseti," nikasema. "Ni yeye."

"Anawaimbia watu."

"Anakuombea wewe."

"Najua." Akasikiliza. "Sauti imeshuka kidogo. Lakini bado nzuri." Vidole vyake vikaanza kupiga shuka. Nikadhani anafuata wimbo wa spika. Sivyo. Nilipotazama vizuri nikayajua yale mapigo, yale ya gotini, ya kwenye ngazi. Yalikwenda taratibu, yakazidi kuachana, halafu vidole vikatulia.

Wimbo wa hekaluni ukaendelea. Ubeti juu ya ubeti, unamsifu Devi mlinzi wa waume za watu. Nilimshika kaka yangu mkono nikausikiliza mpaka mwisho, kwa sababu nilikuwa sina la kufanya. Ningekuwa na jiwe ningeipiga spika ile.

Alikuja akikimbia, nywele zimefumuka, tope mpaka magotini, ngumi moja ameifunga. "Wifi! Limeanguka! La kulia! Devi kani..." Akaniona nilivyoketi.

Akasimama pale pale. Akaanza kusema haraka haraka, kama anayejitetea mbele ya hakimu. Ua lilikataa kuanguka. Alisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Kuhani akamwambia, "Mama, mwimbie, pengine anangoja sauti yako." Watu walipomwona amefungua mdomo wakajaa, mtu akamwekea kipaza sauti bila yeye kuomba.

"Lilianguka ubeti wa pili," akasema. "Nililiona, wifi. Ubeti wa pili tu."

"Na ukaendelea kuimba?"

"Wimbo wake haukatizwi."

Ni kweli, haukatizwi. Tumefundishwa hivyo tangu hatujajua kutembea, ukianza kumsifu Mungu umalize, hata nyumba iwe inaungua. Mimi mwenyewe nimewachapa watoto wa jirani kwa kosa hilo. Nilitafuta neno la kumchoma nalo, mimi ambaye sijawahi kulikosa, na sikulipata. Nilimwonea huruma.

Akaketi sakafuni kando ya kitanda, akafungua ngumi. Ua lilikuwa limepondeka. Akaliweka juu ya kifua cha kaka yangu. Kisha akamwita kwa jina. "Sheshagiri." Mke kwetu hamtaji mumewe jina, na sikuwa nimewahi kulisikia kinywani mwake. Halafu akaanza.

Waliomfuata kutoka hekaluni walikuwa wamejaa barazani, wanachuruzika maji. Waliposikia sauti wakakunja mikono wapokee ibada. Mara mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Mbona huu wa sinema?" Mwingine akafyonza. Nilikwenda nikaufunga mlango kwenye nyuso zao.

Aliimba chini chini, vile vile kama kwenye mkeka, aje kabla mvua haijakatika. Pale juu sauti ilimpasuka, akameza mate, akaendelea. Alipofika mwisho akamtazama usoni, akangoja. Mvua ilikuwa inapiga vigae. Nilijua anangoja nini, na nilijua hakuna wa kulisema ila mimi.

"Rudia, Vanamala," nikamwambia.

Akarudia.