Ziwa Sebuleni kwa Filomena

Jumatatu saa mbili asubuhi, Filomena alikuwa anachambua mchele sebuleni kwake, Kilosa mjini, soko la Thailandi lilipoingia. Lilipitia mlango wa uani: mitumbwi saba imejaa maembe, pilipili na samaki wa kukaanga, akina mama wenye kofia pana wakiisukuma kwenye sakafu kavu. Akasogeza ungo wapite.

Mumewe, Melkizedek, alikuwa huko Thailandi tangu Jumamosi. Kampuni ya mbegu ilimzawadia wakala wake bora likizo ya watu wawili. Filomena alishasuka nywele, akapiga na picha za pasipoti, ndipo Melkizedek akaja na habari kwamba mtu wa pili lazima naye awe wakala, kwa hiyo anakwenda na Boniface wa Lumuma. Filomena alifumua nywele siku hiyohiyo. Tangu hapo akawa anamwonea Boniface wivu kama vile ni mke mwenzake.

Jumanne likaja ziwa. Maji ya vuguvugu yakajaa sebuleni hadi magotini. Jirani yake Tumwagile, ambaye bomba lake halijatoa maji tangu Pasaka, akaja na ndoo, akauliza kama yanafaa kufulia. Alipokuwa anachota, dafu likaelea kutoka chini ya kochi. Lilikuwa na mirija miwili, mmoja una alama ya rangi ya mdomo.

"Boniface kaanza kujipodoa," alisema Filomena.

"Ugenini huko, mwenzangu," alisema Tumwagile, akajitwisha ndoo yake.

Jumatano, Boniface akapiga hodi. Alikuwa ameleta vitunguu vyake sokoni. Akakunja suruali, akaingia majini.

"Shikamoo, shemeji. Kaka yupo?"

Filomena akaitikia marahaba, akamkagua midomo. Ilikuwa mikavu, ya mtu aliyekula vumbi la njiani. Akampa kiti na embe, akamwomba radhi kimoyomoyo kwa wivu wa wiki tatu, kisha akabaki nao wote mkononi, hajui ampelekee nani.

Alhamisi msitu ukaota nyuma ya kabati. Ulikuwa na mianzi, nyani, na kicheko. Kicheko alikijua: cha Natalia, muuza chipsi wa stendi ya Mikumi, kule kwenye mbuga ya wanyama, anayemalizia kucheka kwa kukoroma. Filomena mwenyewe alishawahi kucheka naye, anakula chipsi zake. Akachukua panga, akafyeka tangu adhuhuri hadi magharibi. Kila mti ulipoanguka, kicheko kilihamia nyuma ya mwingine, mpaka panga likagota ukutani.

Jumapili Melkizedek akarudi. Akavuka ziwa na begi kichwani. Filomena akamwuliza, Boniface hajambo? Akajibiwa hajambo, ila safari imemchosha. Filomena akamwambia kwamba Jumatano Boniface alikuwa amekaa kwenye kiti kile pale. Melkizedek akakitazama kiti, akasema ndege za siku hizi zina kasi sana. Kisha akauliza chakula.

"Na picha zangu za pasipoti nizifanyeje?"

"Zitunze, mama. Zitafaa mwakani."

Mwezi uliofuata Melkizedek aliaga anakwenda Dodoma, kwenye semina. Saa kumi alasiri twiga wawili wakaingia uani, wakaanza kula majani ya mpapai. Tumwagile akachungulia juu ya ua, akasema hakujua kama Dodoma kuna twiga.

"Wako kwenye semina," alisema Filomena.

Akaanua kanga zake wasije wakazitafuna, akaingia jikoni kusonga ugali wa mtu mmoja.