Karoti Zilizosoma Lebo

Saa moja asubuhi mjane wa Mzee Kipimo alikuwa ameinamia beseni, anasugua karoti za kupeleka sokoni kwa brashi ya kufulia, pale karoti ya tatu ilipokohoa, ikasafisha koo, ikaanza kusoma lebo ya dawa ya wadudu.

"Kifuniko kimoja kwa lita ishirini za maji," ikasema. Ikatua kidogo. "Tia viwili. Wadudu wa huku ni sugu."

Mjane aliijua sauti. Mumewe alikuwa amezikwa miaka minne iliyopita, na dawa yenyewe ilipigwa marufuku kabla hata hajazikwa, ila udongo hakuna aliyeuarifu. Enzi za uhai wake marehemu aliisoma lebo nzima kwa sauti, kasimama kichwani mwa shamba kama anahutubia, kisha akafanya kinyume chake. Ndiyo maana watu wakamwita Kipimo. Alichomwaga kilizama, mizizi ikakinywa pamoja na maneno yake.

"Hata huko hunyamazi," mjane akamwambia, akachukua karoti ya nne.

Mchuuzi aliyenunua mazao yake alipokuja adhuhuri, magunia yalikuwa yanasoma kwa pamoja kama darasa la kwanza. Alisikiliza, akasema bora hizi. Za jirani zinatukana tangu alfajiri. Mteja akitaka kimya amenye tu, kwa sababu yenye domo ni maganda, kiini kinanong'ona. Mkaguzi wa mazao naye akaja na fomu yake, akapima urefu, akatazama rangi, akakuta hakuna kisanduku cha sauti. Akagonga muhuri.

Mjane hakubabaika. Kama wakulima wote wa pale, alikuwa na tuta la nyumbani, hatua sita kutoka mlango wa jikoni, ambalo halikupuliziwa dawa hata siku moja. Cha sokoni cha sokoni, cha tumboni cha tumboni. Binti yake, aliyerudi kwa mama kungoja kujifungua, alikuwa na mimba ya miezi saba na hakula karoti nyingine ila za tuta hilo, mbichi, kutwa nzima, kama sungura aliye likizoni.

"Za nyumbani zina adabu zao," mjane akamwambia jioni, akang'oa moja amwonyeshe.

Ilitoka ardhini ikipaza sauti kuliko gunia zima. "Suuza pampu mbali na mazao," ilisoma, kisha ikacheka kicheko cha marehemu. "Mbali ni wapi tena, na maji yako hapa?"

Maji yalikuwa hapo kweli: bomba linalovuja, kichwani mwa tuta. Kwa miaka ishirini na mitatu mzee alikuwa akitoka shambani, anashusha pampu ya dawa mgongoni, anaisuuza hapo hapo, na mkewe anampokea kwa taulo, akimsifu kwa usafi.

"Mama," binti akasema, "mimi nimekula humu tangu niote meno."

Mama yake alilikaza bomba, ambalo halikuwahi kukazika.

Kesho yake alimwomba mchuuzi awaletee karoti za mbali, za watu wasiowajua. Mchuuzi akaleta fungu kutoka ng'ambo ya kilima. Mjane akazimenya, akazimenya tena, mpaka zikabaki kama penseli, akaziweka sahanini mbele ya binti yake. Zilinyamaza kwa muda wa kutia moyo. Kisha ya juu ikaanza kunong'ona, kwa sauti ya mume wa mtu mwingine, yenye matamshi mazuri.

"Weka mbali na—"

Binti alikuwa ameshaing'ata.

"—watoto," ikamalizia sauti ya Mzee Kipimo, kutoka ndani ya tumbo la binti.

Binti akaendelea kutafuna, taratibu, kwa kuwa njaa ya mimba haina mahakama. Mama yake akalitazama lile tumbo, akasema angalau mjukuu amejua kusoma mapema. Halafu akatoka kumsaidia mchuuzi kupakia magunia ya siku hiyo.