Duara la Mbuzi

Asubuhi ile baridi ilikuwa imekaza mpaka majani ya uani yakawa meupe, kama yaliyonyunyiziwa chumvi. Jua lilipofika kwenye bomba, tulisikia mlio wa kitu kinachovunjika, kisha maji yakaanza kuruka nyuma ya chumba cha wifi yangu.

Wifi ni mke wa kaka. Kaka anafanya kazi mbali na huja kwa nadra. Chumba kile wifi alikijenga mwenyewe kwa matofali mabichi, yale ya udongo usiochomwa, kwa sababu mtoto wao alikuwa akilala jikoni kwa mama na moshi ukamkaa kifuani. Alikuwa akikohoa mpaka anakosa pumzi ya kulilia. Tangu wahamie chumbani kifua kilikuwa kimeanza kufunguka. Lakini mvua kubwa zilikuwa karibu. Ukuta ukianguka sasa, hakuna tofali ambalo lingekauka mpaka zipite, na mtoto angerudi kwenye moshi.

Nilifika wa kwanza. Bomba la plastiki, ambalo maji yake yaliganda usiku, lilikuwa limepasuka kwenye kona, na maji yalitoka kwa nguvu ya kuteremka mlima mzima, yakipiga ukuta upande wa chini. Udongo ulikuwa unaporomoka kidogokidogo. Nikasimama tu, mikono mdomoni.

Wifi alitoka na mtoto mgongoni. Hakupiga kelele.

"Wifi, chukua karai, kinga hapo katikati ya maji na ukuta. Usiliondoe hata nikikuita."

Nikakinga. Maji yakageuka kunirukia mimi, usoni na kifuani, na meno yakaanza kugongana. Yeye alikimbia kufungua bomba la uani na la jikoni, yote mawili mpaka mwisho.

"Yakipata pa kutokea huku, huko yatapoa," alisema.

Na kweli, pale kwangu yalipungua nguvu. Ila hayakwisha, na chini ya karai ukuta uliendelea kulowa.

Kilichobaki ni kufunga koki inayokata maji yote. Kuna nyingine juu kwenye tangi, msituni, lakini mpaka mtu afike huko ukuta ungekuwa tope. Ya kwetu kaka aliifukia uani, akaifunika kwa jiwe bapa na udongo ili ng'ombe wasiikanyage. Kama alama alipigilia kigingi cha mbuzi kando yake. Alipokuwa anaondoka alituambia, "Mkitaka koki, mtafuteni mbuzi."

Basi mama alishika jembe akaenda kwa mbuzi. Jirani yetu wa juu, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alikuwa ameshafika na jembe lake.

"Chimba huku, mama mtu! Mimi nanusa maji!"

"Kama unayanusa, yanuse haraka, ukuta wa watu unaondoka!"

Walichimba mpaka shimo likawafika magotini. Mbuzi alikuwa kando akiwatazama huku anatafuna. Ghafla mama akaacha jembe, akashika kiuno.

"Jamani," alisema polepole. "Huyu mbuzi nilimhamisha."

"Ulimhamisha?" Redio aliuliza.

"Si alikula gauni langu la kutokea likiwa kwenye kamba! Pindo lote! Ningemwachia na mikono?"

"Sasa alikuwa wapi?"

Mama akanyoosha mkono wote kuelekea uwanja wa nyasi. "Kulekule." Kule kulikuwa kukubwa, na tundu la kigingi lilishazibwa na mvua ndogo ya juzi.

Nilimtazama wifi. Mtu mwingine angemwambia mama mkwe maneno, na angekuwa na haki. Yeye alinifunga mtoto mgongoni, juu ya nguo zangu zilizolowa nyuma kidogo tu, akasema, "Mama, usijali." Kisha akapanda kwenye paa la choo.

"Mkwe wangu juu ya choo!" mama alishtuka. "Watu wataniambia nini?"

"Watasema nimeona mbali, Mama."

Akasimama pale, mabati yakilia chini ya miguu yake, akiangalia nyasi kama mtu anayetafuta sindano.

"Mbuzi hula mpaka kamba yake inapoishia," alisema. "Nyasi fupi naziona. Duara lile pale! Redio, mfungue mbuzi ulete kamba."

Alimwelekeza mama asimame kwenye ukingo wa duara na Redio ukingo wa pili. Mimi kwa chini sikuona duara lolote, niliona watu wazima wawili wakirudishwa nyuma na mbele kama wanafundishwa kucheza.

"Mama, hatua moja kulia. Redio, nyamaza kwanza, halafu rudi nyuma."

Akashuka. Alipima kamba ya mbuzi kutoka kwa mama kwenda katikati, kisha kutoka kwa Redio. Ncha zilikutana karibu mahali pamoja. Akapiga jembe hapo, mara ya kwanza udongo mtupu, akasogea kidogo, akapiga tena. Tulisikia jiwe.

Alilala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka begani, akaikaza koki huku ameuma meno. Karai langu likawa jepesi. Nikabaki nimelishika, siamini.

Hakuna aliyeshangilia. Wifi alikuja moja kwa moja, matope mpaka kwenye nywele, akaweka kiganja ukutani. Maji yalikuwa yamekula nafasi ya ukubwa wa kichwa cha mtoto. Akasukuma taratibu, akasukuma tena kwa bega.

"Umesimama," alisema, akakaa chini.

Jioni tulikuwa tumeziba lile pengo kwa mawe na udongo mzito, na bomba tumelifunga kwa tyubu ya baiskeli, ikivutwa na kuzungushwa mpaka kufunika ufa wote. Mama hakuomba radhi kwa mdomo. Alimchukua mbuzi, akapigilia kigingi kando ya koki kwa mapigo ambayo mlima wote uliyasikia.

"Gauni nitaanika ndani," alisema.

Kisha aliingia chumbani kwa wifi, akainama juu ya mtoto aliyelala na kutega sikio kifuani pake. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliponyanyuka, alimvua mkwe wake, aliyekuwa amekaa mlangoni, viatu vyenye matope, mwenyewe kwa mikono yake, akavitoa nje kwenda kuviosha.