Gari Jekundu na Vyote Viendavyo Nalo

Saa tisa na nusu alasiri Beverly alikuwa amelala chali chini ya gari jekundu la mashindano, kwenye banda moja huko Rangwe, akisoma namba ya chasisi kwa tochi ya simu. Gari lilitengenezwa Italia mwaka 1955, likaletwa kushindana, giaboksi ikagoma njiani na mwenyewe akaliuza, akaenda zake. Kutu ilikuwa kidogo tu, sakafuni. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva, na Beverly, mkadiriaji wa kampuni ya mnada mjini Homa Bay, hakuacha kitu. Aliandika: kiti, ngozi ya asili, mayai manne.

Saa kumi Zablon alikuja na ndoo kuliosha, kama kila siku tangu azikwe miaka mitatu iliyopita. Enzi zake alikuwa fundi wa magari pale sokoni. Mkewe, Mellen, alimletea sabuni na kumgombeza kwa kumaliza maji.

Mellen hakujali gari. Alijali kwamba likiuzwa, mumewe hatakuwa na la kumleta nyumbani. Lakini wazee wa ukoo walishamkabidhi shemeji yake, Javan, mali yote ya marehemu, na Javan alitaka liende mnadani mwezi huohuo.

"Mzee, injini ni ile ya kwanza?" Beverly aliuliza.

"Ya kwanza, nyathina, mtoto wangu." Zablon alitaja namba yake bila kuangalia. Ilikuwa sahihi. "Na uandike si mimi nilinunua hii gari. Ni Mellen. Aliuza ng'ombe tano, zenye mamake alimwachia."

"Omera, ndugu yangu, hayo uliyaacha ukikufa," Javan, aliyesimama mlangoni pa banda, alisema kwa upole. "Kwa boma yetu bibi hana gari."

Beverly alikasirika, na hasira zake huishia kwenye karatasi. Aliandika historia yote, ng'ombe kwa ng'ombe. Kisha, kama alivyofunzwa, akaorodhesha viendavyo na gari: jeki ya asili, spana kumi na mbili, fundi wa asili. Alidhani anamtetea Mellen.

Ripoti iliwapendeza wanunuzi kupita kiasi. Magari ya aina ile yamebaki machache. Lingine lenye fundi wake halikuwepo. Bei ikapanda maradufu. Jina la Mellen lilisomwa mnadani kwenye sehemu ya historia, watu wakapiga makofi. Penye muuzaji akatia sahihi Javan.

Lori lilipofika, dereva alihakiki orodha: jeki, spana, Zablon. Zablon alipanda mwenyewe, akakaa karibu na gurudumu la akiba.

"Huwezi futa tu huo mstari mmoja?" Mellen alimuuliza Beverly.

"Imeshawekwa sahihi, Mama." Beverly aliona aibu, asijue pa kutazama.

Mellen alimrushia mumewe sweta, maana huko aendako kuna baridi. Lori likaondoka. Javan akalifunga banda kwa kufuli, kwa kuwa banda nalo lilikuwa lake.