Hoho Iliyokataa Kuiva

Mkunga mstaafu alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, lakini picha hata moja ilikuwa haijamtoka salama. Tangu ajiunge na darasa la kuchora mimea, kila ua lilimnyaukia kabla hajafika kwenye shina. Mumewe, fundi saa, alikuwa amechoka kulia chakula magotini, maana meza ilijaa brashi na vikombe vya maji machafu.

"Mama, Jumamosi ndiyo mwisho," alisema. "Picha moja tu, iishe. La sivyo meza yangu naichukua."

Mkunga akapiga moyo konde. Jumatatu akaweka mezani pilipili hoho ya kijani, kitu kisichonyauka upesi. Akaanza na njano yenye joto, nyembamba kama maji ya mchele, akaiacha ikauke kabisa. Hapo ndipo wenye pupa huumbuka: ukipaka buluu ya baridi juu ya njano mbichi, unavuna tope. Yeye alisubiri.

Jumanne akaja na buluu ya upande wa kivuli, akakuta nundu ya hoho imehama. Jumatano kikonyo kimepindia kwingine. Mwalimu wao alikuwa na sheria moja tu: chora unachokiona, si unachokikumbuka. Akasahihisha. Alhamisi akasahihisha tena, kisha akaenda kumfokea fundi aliyemtengenezea miwani, mbele ya wateja. Kumbe moyoni alikuwa anaogopa. Alidhani macho yake ndiyo yanaharibika, na kwamba atakufa hajamaliza hata picha moja.

Ijumaa asubuhi alitoka kuoga, akamfuma mumewe ameinamia meza, hoho mpya mkononi, akiizungusha taratibu kama anayerekebisha mshale wa saa.

"Baba! Unafanya nini?"

Fundi saa akashikwa na kigugumizi. "Ilianza kuwa nyekundu, mama. Nikaona utavunjika moyo. Nimekuwa nakubadilishia kila asubuhi."

"Na ile ya kwanza iko wapi?"

"Tuliila Jumanne. Ukaomba nyongeza."

Mkunga alifoka mpaka majirani wakachungulia. Katikati ya kufoka akakumbuka kwamba macho yake, kumbe, ni mazima, na kicheko kikamponyoka. Akavuta kiti, akamalizia kivuli cha mwisho.

Jumamosi mwalimu aliikodolea macho picha ile. "Rangi zimekaa vizuri ajabu, hakuna tope hata chembe. Ila hoho ya namna hii haijawahi kuota popote."

Hakuitundika kwenye ukuta wa darasa. Mkunga akarudi nayo nyumbani kwa unyonge, akaanza kukusanya brashi zake. Mumewe akamnyang'anya picha, akaigongelea msumari ukutani, juu ya meza, ikakaa upande. Kisha akatoa bilinganya mfukoni, akaliweka pale palipokuwa na hoho, akachukua sahani yake na kuipakata magotini.

"Hili ni jeusi tayari," akasema. "Haliendi popote."

"Liguse," mkewe akasema, "ndipo utajua mimi ni nani."