Kichomeo cha Eliamini

Mimi siombi radhi hata leo. Wanaosema nilijipalia makaa mwenyewe, waseme.

Mwaka 1952 mimi, Eliamini, nilikuwa fundi wa karakana ya reli kule Same. Bosi wetu, Bwana Hollis, alikuwa na garimoshi dogo aliloliunda mwenyewe, urefu wake kama mbuzi aliyelala, la mvuke kweli kweli, likizunguka bustanini kwake. Makaa yalimchosha, akataka litumie mafuta ya taa. Akaunda vichomeo vitatu. Vyote vikatoa masizi tu, maji hayachemki.

"Niachie mimi, bwana," nikamwambia.

Akacheka. "Ninyi mnajua kugonga chuma. Kufikiri hamjui."

Lo! Mimi Mshana, wa ukoo wa wafua chuma wa Suji, naambiwa hivyo! Damu ikanichemka. "Kisipowaka, nifukuze kazi. Kikiwaka, utasema mbele ya wageni wako nani kakiunda." Akanipa mkono, tukakubaliana.

Basi nikakosea kama Mshana. Kwetu moto ukififia unavuta mivukuto, unaongeza upepo. Nikatoboa matundu makubwa ya hewa; moto ukaruka, puu, ukazimika. Siku tatu nikazidi kutoboa kwa ukaidi tu. Mke wangu Dorkas akachoka kunitazama. "Baba Asheri, umeyapasha moto hayo mafuta, au unayapulizia tu yakiwa baridi?"

Nikapitisha bomba la mafuta juu ya moto wenyewe, yageuke mvuke kabla ya kutokea kwenye tundu jembamba, na matundu ya hewa nikayaziba nusu. Ukawaka moto wa buluu, unavuma, moshi hakuna! Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Jumamosi wageni wakaja, garimoshi likazunguka vizuri. Mama mmoja wa Kizungu akauliza kichomeo ni kazi ya nani. Kiingereza changu kilitosha kuelewa jibu.

"Yangu," akasema Bwana Hollis.

Walipokwenda kunywa chai nikafunga mafuta, bomba likapoa kabisa. Waliporudi, akaniamuru niwashe. Nikakunja mikono. "Kama ni chako, bwana, washa mwenyewe."

Akapiga magoti na suruali yake nyeupe. Hakujua kwamba bomba hupashwa kwanza kwa kitambaa chenye spiriti. Akafungulia mafuta, akatia kiberiti, moshi mweusi ukamfunika, wageni wakakimbia na vikombe vyao.

"Washa!" akafoka.

"Kwanza waambie ni cha nani."

"Huna kazi!"

"Haya," nikasema, nikaenda zangu kwetu Suji.

Mwezi ukapita. Akamtuma Hezroni wa stesheni apande mlima: garimoshi limegoma, kazi yangu ipo, na mshahara utaongezwa. Nikamjibu Hezroni kwamba sitaki nyongeza. Awaite wageni walewale, aseme lile neno moja tu, nami nitashuka siku hiyohiyo.

Hakulisema. Nami sikushuka.